Jino, koo na moyo: mambo matatu tunayoyachanganya

Mwezi uliopita sauti ya dakika mbili ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Busia, Uganda. Msemaji hajitaji. Anasema kwa Kiswahili safi, tena kwa upole kama mtu anayekutakia mema, kwamba mgonjwa wa moyo akitolewa jino "mshipa unavuta moja kwa moja hadi moyoni", na kwamba ameshuhudia watu wawili wakifia kwenye kiti cha daktari wa meno. Sauti ile ikamfikia jirani yangu, mama wa miaka 30 na ushei ambaye vali yake moja ya moyo ni mbovu tangu utotoni na huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Alikuwa na gego la chini lililooza na siku ya kulitoa alishaipanga. Aliposikiliza ile sauti akaahirisha, akanunua vidonge viwili vya amoksilini duka la dawa, na siku ya tatu shavu likamvimba kama mtu aliyeficha embe mdomoni.

Akanijia barazani, kwa sababu huwa naandaa kipindi cha afya redioni. "Kaka, niambie ukweli. Jino na moyo vinajuana?"

Vinajuana. Ila sivyo kama ile sauti inavyodai, na baya zaidi, ushauri wake umegeuza mambo juu chini. Nilimjibu kwa kifupi siku ile. Hapa najibu kwa urefu.

Tuanze na maneno. Vali ni vilango vidogo ndani ya moyo, vinne kwa jumla, vinavyofunguka damu ipite na kujifunga isirudi ilikotoka. Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni kwenda mwilini, ikiwamo ile myembamba inayoulisha moyo wenyewe. Ufizi ni nyama inayoshika jino. Na ukoga ni ule utando unaouhisi ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla hujapiga mswaki.

Ukoga ndio mwanzo wa habari, na yeyote anayeteka maji anaujua bila kusoma kitabu. Jerikani la njano likikaa wiki kadhaa bila kusuguliwa, ndani hujitandaza utando wa kijani unaoteleza. Ukilisuuza kwa maji matupu utando haubanduki. Watoto wetu hutia kokoto na mchanga, wakalitikisa mpaka mikono iume, ndipo maji yanatoka machafu na jerikani linabaki safi. Ukoga ni utando wa namna hiyo hiyo: bakteria walioshikana na kujitengenezea gundi. Kusukutua maji ya chumvi kunatuliza ufizi unaouma, lakini gundi hakuibandui. Kinachoibandua ni msuguano, uwe wa brashi ya dukani au wa kijiti kilichotafunwa ncha. (Neno mswaki lenyewe lilianza kama jina la kijiti, brashi ya plastiki imelirithi tu.) Ukoga usipoondolewa unaganda kama ule weupe mgumu wa ndani ya birika, na ukishafika hapo brashi imeshindwa, unahitaji kukwanguliwa na mtu mwenye vifaa.

Ufizi unaokaa jirani na ukoga huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu. Wengi wakiona damu wanaacha kupiga mswaki upande ule ili "upone kwanza", nao ukoga unapata nafasi ya kustawi. Hatua hii bado inarudi nyuma kabisa ukisafisha kwa utaratibu. Hatua inayofuata hairudi: ugonjwa unashuka chini ya ufizi, unakula mfupa unaoshika jino, na ufizi unaachana na jino na kufanya mfuko. Watafiti wamekadiria kwamba kwa mtu mwenye ugonjwa mkali, ukikunjua kuta za mifuko hiyo yote unapata kidonda cha sentimita za mraba 8 hadi 20. Uso wa kiberiti. Kidonda cha ukubwa huo kikiwa mguuni, chenye usaha, mtu atakuwa kliniki kesho asubuhi. Kikiwa mdomoni anaishi nacho miaka kumi na kulalamikia harufu tu.

Magugu maji kwenye nguzo za gati

Kila unapotafuna juu ya kidonda hicho, bakteria wachache wanapenya kwenye damu. Ile sauti inataka tuamini kwamba hilo hutokea jino linapong'olewa tu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulipima damu za watu waliong'olewa jino na waliopiga mswaki tu. Kwa waliong'olewa bila kupewa dawa ya kinga, bakteria wanaoweza kudhuru moyo walionekana kwa asilimia 60. Kwa waliopiga mswaki, asilimia 23. Sasa piga hesabu mwenyewe: jino bovu unaling'oa mara moja, mswaki unapiga kila siku, na chakula unatafuna mara tatu. Mdomo mchafu unapeleka bakteria kwenye damu kila siku ya Mungu, bila daktari yeyote kugusa kitu.

Kwa mwenye moyo mzima, kinga ya mwili inawasafisha bakteria hao upesi. Vali nzima ni laini, hawapati pa kushika. Fikiria magugu maji ya Ziwa Viktoria. Yakipita ubavuni mwa mtumbwi uliopakwa rangi vizuri, yanateleza na kwenda zake. Yakikuta nguzo mbovu za gati la zamani yananasa, yanakusanya takataka nyingine, na baada ya muda ni kisiwa. Vali iliyokwaruzwa na ugonjwa, au ya bandia iliyopandikizwa, ndiyo zile nguzo. Bakteria wakinasa wanajenga kichaka chao pale, wanaitafuna vali, na vipande vinameguka. Waganda hawajasahau Aprili 2020, kisiwa kilichoelea kilipoziba mitambo ya umeme ya Jinja na nchi ikaingia gizani. Kipande cha kichaka cha kwenye vali kikimeguka na kupanda ubongoni, kinazima taa vilevile, na sisi tunaita kiharusi.

Ugonjwa huu madaktari wanauita endokaditisi, maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Hautokei mara nyingi, lakini ukitokea ni mkali: dawa za mshipani kwa wiki nne hadi sita, wakati mwingine upasuaji, na hata kwenye hospitali zenye kila kitu hufariki takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Kwetu una hila moja zaidi. Unaanza kama homa, na homa kwetu ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye vali mbovu akipata homa ya siku nyingi, jasho la usiku na kukonda, na amekunywa dawa ya malaria mara mbili huku kipimo kinaonyesha hakuna malaria, asimeze dozi ya tatu. Aende akapimwe damu na moyo.

Kwa hiyo jirani yangu, mwenye vali mbovu, ndiye hasa mtu asiyetakiwa kukaa na jino lililooza. Kabla ya kubadilishiwa vali, wagonjwa hupelekwa kwa daktari wa meno kwanza, mdomo usafishwe na majino mabovu yatolewe, ndipo kifua kifunguliwe. Ingekuwa kweli kwamba jino linamuua mgonjwa wa moyo, madaktari wa upasuaji wangekuwa wa mwisho kuagiza hivyo.

Kuna dawa ya kinga, na hapa watu wanajichanganya kwa upande wa pili. Wapo wanaodhani kila mwenye presha lazima ameze antibaiotiki kabla ya jino. Hapana. Dawa hiyo, dozi moja saa moja hivi kabla ya kung'oa, ni ya walio hatarini zaidi: wenye vali ya bandia, waliowahi kuugua endokaditisi, na wenye kasoro fulani za moyo za kuzaliwa. Marekani iliifupisha orodha hiyo mwaka 2007. Kuhusu vali zilizoharibiwa na ugonjwa wa utotoni kama ya jirani yangu, miongozo ya nchi mbalimbali haifanani, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari wa moyo anayekutibu. Jambo moja dogo lakini zito: anayechomwa penisilini kila mwezi huenda bakteria wa mdomoni mwake wameshaizoea. Amoksilini ni ndugu wa penisilini. Mtu huyo akihitaji kinga, kwa kawaida huchaguliwa dawa ya ukoo mwingine. Vile vidonge viwili vya duka la dawa havikumsaidia kwa moyo wala kwa jino, kwa sababu usaha ulio ndani ya gego hauishi mpaka gego lifunguliwe au litoke.

Koo, ambalo ile sauti ililisahau

Lakini vali yake iliharibikaje? Si kwa jino. Hili ndilo ningependa lisambae kwenye makundi kuliko mengine yote, kwa sababu Uganda njia kubwa kati ya mdomo na moyo wa kijana hupitia kooni.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata mafindofindo: koo linauma, homa, kumeza kwa shida. Mara nyingi ni virusi na yanaisha yenyewe. Mara nyingine ni bakteria aitwaye streptokoka. Mwili unapigana naye, unamshinda, koo linapona na watu wanasahau. Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba, kesho yake kiwiko, homa inarudi. Kinachotokea ni kama kundi la sokoni linalomsaka mwizi aliyevaa shati jekundu: mwizi ameshakimbia, lakini kila mwenye shati jekundu anakula kipigo. Baadhi ya sehemu za moyo na viungo zinafanana kidogo na yule bakteria, na askari wa mwili wanazishambulia. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo vinapona. Vali zinabaki na makovu, na kila koo jipya lisilotibiwa linaongeza kovu juu ya kovu. Ugonjwa huu unapenda nyumba zenye msongamano, watoto watano kitanda kimoja, na zahanati iliyo mbali.

Bakteria huyu wa koo si wale wa ukoga. Kumpigisha mtoto mswaki hakumzuii, na atakayekuambia vingine anakuuzia dawa ya meno. Anayemzuia ni penisilini, sindano moja au vidonge vya siku kumi vinavyomalizwa vyote. Na kwa mtoto ambaye vali zake zimeanza kuonyesha dalili, sindano ya kila baada ya wiki nne inalinda. Ushahidi mzuri wa hilo ulitoka hapa hapa, kaskazini mwa nchi, Gulu. Watafiti waliwapima watoto moyo kwa mashine ya picha, wakapata zaidi ya 800 wenye dalili za awali ambazo wao wenyewe hawakuzihisi. Nusu wakachomwa sindano kila mwezi, nusu wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka miwili, kati ya 399 waliochomwa na kufika mwisho wa utafiti, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kati ya 400 wasiochomwa waliofika mwisho, 33. Sijui matangazo mangapi ya dawa yangeweza kujivunia tofauti kama hiyo, nasi hatuitangazi.

Basi mambo mawili ya kwanza yanakutana kwa mtu mmoja: koo liliikwaruza vali utotoni, na ukoga unaitishia ukubwani.

Mwenye tochi na giza

Jambo la tatu ndilo linalosikika zaidi kwenye matangazo: kwamba fizi mbovu zinaleta mshtuko wa moyo, yaani kuziba kwa ateri zinazoulisha moyo. Hapa nawaomba tutembee polepole.

Mwaka 1989 watafiti wa Finland waliandika kwamba watu waliopata mshtuko wa moyo walikuwa na meno mabaya kuliko wenzao wasiopata. Tangu hapo tafiti nyingi zimeona jambo hilo hilo. Swali ni kama fizi ndizo zinazosababisha. Wanaotembea na tochi hujikwaa zaidi kuliko wasio nayo, kwa kuwa wenye tochi wanatembea usiku. Ukiilaumu tochi umelisamehe giza. Kwa fizi na ateri, giza ni sigara, kisukari, umri na umaskini, ambavyo vinaharibu vyote viwili kwa pamoja.

Hata hivyo si giza lote. Bakteria wa fizi wamekutwa ndani ya mafuta yaliyoziba ateri. Kidonda cha ukubwa wa kiberiti kinauweka mwili kwenye hali ya vita vya chinichini, na vita hivyo vinachokoza kuta za mishipa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2007, la watu 120 wenye fizi mbovu sana, lilionyesha kwamba waliosafishwa kwa kina mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi baada ya miezi sita. Saa 24 baada ya kusafishwa ilikuwa hoi zaidi kuliko ya wenzao, kisha ikajirekebisha. Lakini mishipa kutanuka ni jambo moja, kuepuka mshtuko wa moyo ni jingine. Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zote mwaka 2012 kikasema uhusiano upo, usababishi haujathibitishwa.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu tumewahi kuruka mtoni kabla ya kupima kina. Mwaka 1910 daktari wa London, William Hunter, alihutubia Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal akiyalaumu meno machafu kwa magonjwa mengi ya mwili. Wazo lilishika moto, na kwa miaka mingi baadaye watu wa Ulaya na Marekani waling'olewa meno kwa makumi, mengine mazima kabisa, ili kuponya viungo, tumbo, hata wazimu. Hawakupona, walibaki vibogoyo. Mtu akikuambia leo kwamba kusafisha meno kutakukinga na mshtuko wa moyo, amekimbia mbele ya ushahidi. Presha yako, sigara, sukari na mwendo wa miguu vina uzito mkubwa zaidi. Meno safisha kwa ajili ya meno, na kama ateri nazo zitafaidika, ni nyongeza.

Safari ya kurudi

Kuna upande ambao watu hawauulizi: moyo nao unaugusa mdomo. Dawa mbili za presha zinazotumika sana kwetu, nifedipini na amlodipini, kwa baadhi ya watu hunenepesha fizi mpaka zinafunika nusu ya jino. Nimemwona mzee aliyepigwa madawa ya kienyeji miezi mitatu kwa "fizi kuota", kumbe ni kidonge chake cha asubuhi. Usiache dawa, mwambie aliyekuandikia, zipo nyingine.

Na kuna jino lisilo jino. Maumivu ya mshtuko wa moyo wakati mwingine hayaji kifuani, yanakuja kwenye taya la chini. Jino bovu linauma ukinywa chai ya moto au ukilala. Taya linalouma ukipanda kilima na kunyamaza ukisimama kupumzika, halafu likaanza tena ukiendelea, halina haja ya koleo. Hapo tafuta kipimo cha moyo, siku hiyo hiyo.

Wenye presha wana hofu yao kuhusu sindano ya ganzi. Kweli, ganzi nyingi zina chembe ya adrenalini, ile kemikali inayoupigisha moyo mbio, ili zisisambae haraka. Lakini maumivu na woga vinamwaga adrenalini yako mwenyewe, tena si chembe, kwa hiyo jino lililotiwa ganzi vizuri ni salama kuliko lisilotiwa. Daktari atapima presha kwanza. Ikizidi 180 kwa 110 na si dharura, atakurudisha utibiwe kwanza. Anayekunywa dawa ya kulainisha damu kama warfarini asiiache kwa akili yake mwenyewe, maana damu ikiganda kwenye vali ya bandia ni msiba kuliko jino kutoka damu kidogo. Aseme, apimwe.

Nitaje na watoto wachanga, maana ni mdomo pia. Desturi ya kuchokoa fizi za mtoto mwenye homa au kuhara ili kutoa "ebiino", yaani meno ya uongo, bado ipo, wengine wakitumia spoku ya baiskeli. Kile cheupe kinachotolewa kama funza ni chipukizi la jino la mtoto mwenyewe. Kidonda kile kinafungua njia ya bakteria kwenda kwenye damu, na kuhara kulikomleta hakujatibiwa.

Jirani yangu tulikwenda naye. Kliniki ya moyo wakamwandikia barua fupi, na kwenye kituo cha afya afisa wa meno akaisoma mara mbili kabla ya kuuliza chochote. Akampa dawa nyingine, si amoksilini, akamwambia akae barazani saa nzima. Kazi yenyewe haikufika dakika 20. Kisha akamwonyesha kwa kioo kidogo ukoga mgumu nyuma ya meno ya mbele ya chini, akamwambia arudi wiki ya tatu akwanguliwe. Jirani akauliza bei kabla hajatema damu.

Tulipofika nyumbani alichukua simu, akafungua lile kundi, akabonyeza kitufe cha sauti na pamba bado shavuni. Hakuna aliyeelewa neno. Ikabidi arudie jioni.